Mchezo wa Fantasy: benchi yako inaweza kukuokoa siku rezo ikikatika

Siku ya Mungu tarehe 25 mwezi wa tano 2025, saa kumi na moja jioni ya kwetu, mechi zote kumi za mwisho wa ligi ya Uingereza zilianza kwa wakati mmoja. Tulikuwa watu 12 katika ligi yetu ndogo ya Fantasy: wengi hapa Salamabila, watatu Kasongo, wawili Kindu. Tangu msimu uanze tulikuwa tumepatana kwamba mwenye atamaliza wa kwanza anakula mbuzi, na wengine wote wanachanga makuta ya kumnunua. Mimi nilikuwa wa kwanza mpaka asubuhi ile. Nilimaliza wa pili, kwa kupungukiwa pointi 3.

Chenye kiliniuma zaidi si mbuzi. Kwenye benchi yangu kulikuwa kiungo mwenye alipata pointi 11 siku ileile. Na beki wangu mmoja hakugusa uwanja hata dakika moja. Nafasi ilikuwa wazi, mchezaji alikuwepo, pointi zilikuwepo, lakini mchezo haukumwingiza. Niliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kwamba nimeibiwa. Wenzangu walicheka sana. Kumbe sikuibiwa, sheria imeandikwa wazi, ni mimi sikuisoma.

Kwa sababu swali hili la benchi linarudi karibu kila siku ya posho jioni, na kwa sababu mashauri mengi yenye yanapita kwenye intaneti yaliandikwa kwa watu wenye rezo saa zote, tunalieleza hapa kwa namna yenye inafaa mahali petu.

Kwa mwenye hajui mchezo wenyewe: Fantasy Premier League ni mchezo wa bure, ulianza msimu wa 2002-2003, na sasa unachezwa na watu zaidi ya milioni 10 duniani. Bure maana yake bure. Mtu akikuomba makuta ili akuandikishe, anakudanganya. Na si sawa na kubeti: haununui tiketi, unajenga ekipe. Unapewa milioni 100 za mchezo, unanunua wachezaji 15 wa kweli wa ligi ile: walinda lango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Huruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kisha, chenye wanafanya uwanjani kwa kweli kinageuka pointi zako. Mchezaji akicheza dakika 60 ao zaidi anapata 2, chini ya hapo anapata 1. Goli la mshambuliaji ni 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6. Pasi ya goli ni 3. Beki na mlinda lango wasipofungwa wanapata 4. Kadi ya njano inaondoa 1, nyekundu inaondoa 3.

Kati ya wale 15 unapanga 11 wa kuanza. Wanne wanabaki benchi, ao kwa "ban" kama wengi wetu tunavyosema. Hapo ndipo watu wengi wanaacha kufikiri. Wanaona wale wanne kama mizigo ya nyuma ya pikipiki.

Namna mtu wa benchi anavyoingia

Pointi za benchi hazihesabiwi. Mchezaji wako wa benchi akifunga magoli matatu na wachezaji wako 11 wote wamecheza, magoli yale ni yake na mama yake, wewe huna kitu. Anaingia tu kama mmoja wa wale 11 hakucheza hata dakika moja kwa wiki nzima ya mechi. Na haingii palepale: mchezo unangoja mechi ya mwisho ya wiki imalizike, kisha unafanya hesabu. Ndiyo maana unaweza kulala siku ya Mungu na watu 10, na siku ya pili ukaamka pointi zimeongezeka bila kugusa simu.

Anayeingia wa kwanza ni yule uliyemweka namba moja kwenye benchi. Kama naye hakucheza, wanaangalia namba mbili, kisha namba tatu. Mpangilio huo unauchagua wewe mwenyewe, na watu wengi hawajui kama unaweza kubadilishwa. Mlinda lango yuko pembeni na sheria yake: anaingia paka kwa nafasi ya mlinda lango mwenzake.

Lakini kuna mlinzi mwingine mlangoni, na huyo ndiye alinikamata mimi. Ekipe yako lazima ibaki na mabeki wasiopungua watatu na mshambuliaji asiyepungua mmoja. Mimi nilikuwa nimepanga mabeki watatu, viungo wanne na washambuliaji watatu. Beki mmoja hakucheza, wakabaki wawili. Kiungo wangu wa pointi 11 alikuwa namba moja kwenye benchi, lakini angeingia yeye, ekipe ingekuwa na mabeki wawili tu, na hiyo imekatazwa. Basi mchezo ulimruka, ukaenda kutafuta beki. Beki wa kwanza wa benchi hakucheza. Wa pili pia hakucheza. Hao wawili niliwanunua kwa bei ya chini kabisa, milioni 4 kila mmoja, kwa sababu "hata hivyo hawatatumika". Nilimaliza na watu 10.

Angalia sasa hesabu ingekuwa namna gani kama ningepanga mabeki wanne. Mmoja akikosa, wanabaki watatu, mlango uko wazi, na mtu yeyote wa benchi anaweza kupita kwa zamu yake. Mwenye kupanga mabeki watatu anapaswa kuwa na beki wa kweli kwenye benchi, mwenye anacheza kila wiki. Hakuna njia ya kuzunguka hiyo. Ni vilevile kwa mwenye anaanza na mshambuliaji mmoja tu: yule akikosa, nafasi yake inahitaji mshambuliaji mwingine, hata kama kwenye benchi kuna beki mwenye alifunga magoli mawili.

Saa ya Uingereza na saa ya shimoni

Ekipe inafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Nyuma ya hapo huwezi kugusa kitu. Mara nyingi mechi ya kwanza ni siku ya posho saa sita na nusu mchana ya Uingereza. Kwetu Maniema, kama Kivu na Katanga, mlango unafungwa saa sita mchana wakati Uingereza iko kwa saa ya jua kali, yaani kutoka mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, na saa saba mchana wakati wa baridi yao. Kukiwa na mechi ya siku ya tano usiku, mlango unafungwa siku ya tano yenyewe, saa moja na nusu ao saa mbili na nusu usiku kufuatana na majira. Wengi wanapotea hapo. Na ukifuata saa ambayo rafiki wa Kinshasa alikuandikia, kumbuka yeye yuko nyuma yetu kwa saa moja: akisema saa sita, kwako ni saa saba.

Kijana wa London anaamka siku ya posho, anakunywa chai, anaangalia habari za majeraha, anabadilisha watu wawili, kwisha. Mchimbaji wa hapa anaweza kuwa shimoni tangu siku ya tatu. Simu imezimika, pano ya jua ni ya jirani, rezo inakuja paka ukipanda kilimani, na mega zimeisha. Mfanyabiashara yuko njiani kati ya Kasongo na Kabambare na pikipiki yake iko kwenye matope. Halafu kuna wiki zenye akili ya mtu haiko kwa mpira kabisa. Wenye kuishi huku wanazijua.

Ekipe yako haifutwi usipofungua simu. Inabaki kama ilivyokuwa, na uhamisho wa bure, mmoja kwa kila wiki, unajikusanya mpaka kufika mitano. Hiyo ni bahati. Lakini wakati wewe uko shimoni, nani anafanya kazi ya kumtoa mwenye ameumia na kumwingiza mwenye mzima? Ni benchi, hakuna mwingine. Kwa mtu wa London benchi ni kitu cha ziada. Kwa mtu wa Salamabila benchi ni yeye mwenyewe wakati hayupo.

Mfano wa kweli. Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2024, Everton walikuwa wacheze na Liverpool kwenye uwanja wa Goodison Park mchana wa siku ya posho. Ikaja dhoruba yenye waliita Darragh, na asubuhi ya siku ileile, saa chache kabla ya mechi, ikatangazwa kwamba haitachezwa. Liverpool ile ndiyo ilikuwa na Mohamed Salah, mwenye msimu huo alimaliza na pointi 344 za Fantasy, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuzipata kwa msimu mmoja. Alikuwa kwenye ekipe za watu wengi sana, na wengi walimpa ukapiteni. Mechi ikaja kuchezwa mwezi wa pili 2025, tarehe 12, sare ya 2-2. Mwenye kusikia habari ile asubuhi alikimbia kubadilisha. Mwenye alikuwa mbali na rezo aliachwa na benchi yake: kama ilikuwa na mtu mwenye anacheza, alipona kidogo, kama ilikuwa na majina matupu, alikula sifuri mbili ao tatu kwa pamoja.

Hapo hapo tuongeze neno la kapiteni. Pointi za kapiteni zinazidishwa mara mbili. Asipocheza hata dakika moja, kapiteni msaidizi anachukua ile mara mbili, na nafasi ya kapiteni kwenye wale 11 inajazwa na mtu wa benchi. Wote wawili wasipocheza, hakuna wa kuzidishiwa. Sasa fikiria mwenye alimweka Salah kapiteni na mwenzake wa Liverpool msaidizi: dhoruba moja, wote wawili chini. Msaidizi atoke klabu nyingine, na mechi nyingine. Ni kazi ya sekunde tano, na hailipwi uhamisho.

Adui mkubwa: mwenye anaingia dakika ya 88

Kuna kitu kimoja kinafanya watu wenye heshima zao watukane simu. Beki wako ao mshambuliaji wako anawekwa benchi na kocha wake wa kweli. Unasema sawa, asipocheza mtu wangu wa benchi anaingia, tena yule amepata 9. Dakika ya 88 unaona anavua koti. Anaingia, anagusa mpira mara moja, mwamuzi anapiga filimbi. Amecheza. Amepata pointi 1, na mlango wa benchi yako umefungwa.

Jambo hili limeongezeka, na sababu inajulikana. Zamani kocha wa ligi ile aliruhusiwa kubadilisha watu watatu. Wakati wa korona mwaka 2020 waliruhusu watano, ligi ya Uingereza ikarudi kwa watatu, kisha tangu msimu wa 2022-2023 ikakubali watano kabisa. Watano kwa kila ekipe, wengi wao wanaingia mwisho wa mechi. Ni nzuri kwa miguu ya wachezaji, ni mbaya kwa benchi yako.

Wenye kucheza Fantasy ya kriketi, mchezo unaopendwa sana India, wana unafuu hapa. Katika kriketi majina ya wale 11 ya kweli yanajulikana kapiteni wakisharusha sarafu, karibu nusu saa kabla ya mechi, na kuna michezo ya intaneti ambamo mchezaji wa akiba anaingia palepale ikiwa mtu wako hakutajwa katika orodha. Hakuna mambo ya kungoja dakika ya 88. Sisi wa mpira wa miguu tunafungiwa mlango majina bado hayajatoka.

Kutokana na hayo, kuna swali lenye watu wanakosea mara nyingi: mchezaji mwenye alama ya njano, yaani mwenye hana uhakika wa kucheza, awekwe wapi? Alama ile inakuja na namba: 75, 50 ao 25 kwa mia, namna wanavyofikiri atacheza, nyekundu ni sifuri. Wengi wanamweka benchi kwa woga. Mimi naona ni kinyume. Mwenye mashaka aanze, mwenye uhakika akae benchi. Kama mwenye mashaka hakucheza kabisa, mwenye uhakika anaingia na hujapoteza kitu. Lakini ukimweka mwenye mashaka kwenye benchi, na kumbe mmoja wa wale 11 ndiye anakosa, anakuja kuingia mtu ambaye naye hachezi.

Hiyo haifanyi kazi kwa kila mgonjwa. Ni lazima ujiulize ni ugonjwa gani. Mwenye kuumia msuli, ao anacheza ao hachezi; huyo mwache aanze. Lakini mwenye anarudi kutoka jeraha la muda mrefu, kocha atampa dakika 10 za kuzoea. Huyo ndiye mwenye kukuletea pointi 1 na kufunga mlango. Huyo mweke benchi, namba ya mwisho, ao muuze.

Upendo wa Leopards na bei yake

Sasa tuzungumze ukweli kuhusu kitu chetu wenyewe. Wakongomani wengi wanaocheza Fantasy wana Mkongomani kwenye ekipe. Mimi pia. Yoane Wissa alifunga magoli 19 ya ligi akiwa Brentford msimu wa 2024-2025, na kila goli lilikuwa kama limefungwa na mtoto wa jirani.

Lakini kumbuka mwezi wa kwanza 2024. CAN ilikuwa Côte d'Ivoire, kutoka tarehe 13 mwezi wa kwanza mpaka tarehe 11 mwezi wa pili, na Wissa alikuwa huko na Leopards. Tuliwatoa Misri kwa penalti 8-7, mlinda lango Lionel Mpasi mwenyewe akafunga ile ya mwisho. Tukawapiga Guinée 3-1, Wissa akafunga penalti. Tulifika nusu fainali, tukaondolewa na wenyeji 1-0. Watu walikuwa barabarani, furaha ilikuwa kubwa. Na kila hatua yenye Leopards walipiga mbele, Wissa alikosa mechi ya Brentford. Goli lake kwa Guinée lilitupa nusu fainali, na kwenye Fantasy lilitupa sifuri. Mwenye hakuwa na mshambuliaji wa akiba mwenye kucheza alilipa kwa pointi furaha yote ile. Sijui mtu hata mmoja wa hapa aliyejuta.

Mara ya pili ilikuwa chungu bila furaha. Wissa alihamia Newcastle siku ya mwisho ya uhamisho, mwanzoni mwa mwezi wa kenda 2025. Siku chache nyuma akaja Kinshasa kucheza na Senegal kwa kufuzu Kombe la Dunia, tukashindwa 3-2, na goti lake likaumia katika mechi ile. Newcastle hawakumwona uwanjani mpaka mwezi wa kumi na mbili. Karibu miezi mitatu. Kwenye kikundi chetu kulikuwa mtu mwenye alikataa kumuuza. Alisema Mkongomani hauzwi. Sawa, heshima yake. Lakini alimwacha hata kwenye wale 11, akingoja, wakati benchi yake ilikuwa na watu wawili wasiocheza. Ukiwa na mapenzi ya namna hiyo, yalipie kwa benchi yenye nguvu. Moyo wako unaweza kumweka namba tatu kwenye benchi, pale hasumbui mtu.

Kwa CAN ya Moroko, yenye ilianza tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 2025, wenye mchezo walikumbuka Waafrika: walimjazia kila mtu uhamisho wa bure mpaka mitano kwa wiki ya 16, ili watu waweze kuwabadilisha wachezaji wenye kuondoka. Ni vizuri. Lakini uhamisho ule ulihitaji ufungue simu wiki ile. Sunderland peke yake ilikuwa na Noah Sadiki na Arthur Masuaku. Aaron Wan-Bissaka alikuwa West Ham, Axel Tuanzebe alikuwa Burnley. Mwenye alikuwa na wawili wa hao, na hakuwa na rezo, hesabu unaijua.

Makuta ya benchi yatoke wapi

Shauri lenye utalikuta kila mahali ni hili: jaza benchi na watu wa bei ya chini kabisa, makuta yote yaende kwa wale 11. Beki na mlinda lango wa chini ni milioni 4, kiungo na mshambuliaji wa chini ni milioni 4 na nusu. Kwa mtu mwenye anabadilisha ekipe kila wiki, shauri hilo si baya. Kwetu silikubali.

Linganisha. Beki wa milioni 4 mara nyingi hachezi. Ni kijana wa akiba wa klabu yake. Ongeza nusu milioni ao milioni moja, unapata beki wa klabu ndogo mwenye anaanza kila wiki. Huyo ana pointi 2 za dakika 60 hata akicheza vibaya, isipokuwa akifungwa magoli mengi, maana kila magoli mawili yanaondoa 1. Na tangu msimu wa 2025-2026 kuna sheria mpya: beki akifikisha kazi 10 za kulinda katika mechi moja, yaani kuondoa mpira, kuzuia shuti, kukata pasi, kumnyang'anya mtu, anaongezewa pointi 2. Mabeki wa klabu zenye kushambuliwa dakika 90 ndio wanafikisha 10 kwa urahisi. Zamani beki wa namna hiyo hakuwa na maana akifungwa. Sasa anaweza kufungwa goli moja na bado akakuletea 4. Kwa benchi ya mtu wa mbali, sioni kitu bora.

Kwa hiyo kwangu namba moja na namba mbili za benchi lazima ziwe watu wenye kuanza mechi, na mmoja wao awe beki. Namba tatu anaweza kuwa mtu wa bei ya chini. Mlinda lango wa pili naye awe wa bei ya chini, bila kufikiri sana, sababu walinda lango hawabadilishwi hovyo. Kuwatoa katikati ya mechi ni jambo la nadra, na wazee wetu wanakumbuka mara moja yenye hawataki kuikumbuka: tarehe 18 mwezi wa sita 1974 huko Ujerumani, Zaïre ilipokuwa imefungwa na Yugoslavia 3-0 katika dakika 20 za kwanza, kocha Vidinić akamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu. Kazi ya kwanza ya Tubilandu ilikuwa kuokota mpira ndani ya wavu. Iliisha 9-0. Hiyo, hakuna benchi ya Fantasy yenye ingeisaidia.

Inabaki kitu kimoja cha benchi chenye watu wanakitumia vibaya: karata yenye inaitwa Bench Boost. Wiki unayoitumia, pointi za wote wanne wa benchi zinahesabiwa pamoja na za wale 11. Msimu wa 2025-2026 kila mtu alipewa mbili, moja ya nusu ya kwanza na moja ya nusu ya pili, na ile ya kwanza usipoitumia kabla ya nusu kuisha inapotea. Itumie wiki yenye klabu nyingi zinacheza mara mbili, hiyo inakuja mara nyingi karibu na mwisho wa msimu. Lakini itumie wiki yenye una uhakika wa rezo siku mbili kabla, maana inabidi uhakikishe wote 15 ni wazima, mlinda lango wa pili pia. Katika kikundi chetu mmoja aliitumia na benchi ya watu wanne wasiocheza. Alipata 1, na ile 1 ilitoka kwa mtu mwenye aliingia dakika ya 90.

Msimu huu tena tumepatana mbuzi. Yule aliyeshinda mwaka uliopita ana duka la vipuri vya pikipiki na anasafiri mara nyingi kuliko sisi wote. Kuna wiki tatu kwa mfuatano zenye hakufungua mchezo kabisa. Nilimuuliza alifanya namna gani. Alinionyesha benchi yake: mabeki wawili wa klabu ndogo, hakuna jina hata moja lenye ningelijua, wote wawili wanaanza kila siku ya posho.